Presha ya Nani Imepanda?

Kama kuna neno lililonichosha katika mji huu wa Dodoma, ni presha. Sisemi ugonjwa, nasema neno. Ugonjwa una kliniki yake na dawa zake. Neno halina pa kulipeleka. Hapa Majengo ninapoishi, tangu asubuhi wachuuzi wanapopanga mafungu ya nyanya sokoni hadi usiku kibanda umiza kinapozima televisheni, nalisikia likitoka vinywani mwa watu wenye kazi zisizofanana hata kidogo, na kila mmoja analitumia kana kwamba ni shamba aliloachiwa na babu yake. Muuza nyanya ana presha kwa sababu lori la mzigo halijafika. Kijana wa bodaboda ana presha ya hesabu ya bosi. Fundi bomba anasema mtaa mzima hauna presha. Muuguzi anasema nusu ya mtaa inayo. Sasa tushike lipi?

Jirani yangu mmoja, mstaafu na mzee wa kuheshimika, alipelekwa na binti zake kupimwa afya. Muuguzi, msichana wa umri wa mjukuu wake, akampa shikamoo, akamfunga ule mkanda mkononi, akasubiri mashine imalize kunguruma, akasoma, kisha akamwambia kwa upole: "Babu, una presha." Mzee naye akamjibu kwa upole uleule: "Hapana mjukuu wangu, mimi sina presha yoyote. Hudumia tu wengine, mimi nipo mpaka jioni."

Waliokaa kwenye benchi walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi aliponisimulia sikucheka. Mzee alijibu kwa Kiswahili safi cha Majengo. Kwetu mwenye presha ni mwenye haraka. Ukiambiwa "usiwe na presha", maana yake kaa, chai inakuja. Huyu amestaafu, watoto wameoa na kuolewa, kiwanja kina hati. Presha ataitoa wapi?

Lalamiko langu ni kwamba hili ni neno la sayansi, lenye maana moja na kanuni yake. Lakini kila fani imelibeba kwake, ikalipa kipimo chake, ikalibandika jina lake la Kiswahili, halafu ikatuachia sisi wananchi kazi ya kubahatisha nani anazungumzia nini.

Tazama tu suala la kupanda na kushuka. Kliniki, presha ikipanda ni habari mbaya. Kwa fundi bomba ikipanda ni sherehe. Kwa fundi pancha ikipanda mno tairi linapasuka, ikishuka mno rimu inakula lami. Kwa watu wa hali ya hewa, ya angani ikishuka ndiyo dalili ya mvua, na kwa sisi wa Dodoma, tunaopata milimita 500 na ushei kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hakuna habari tamu kuliko hiyo. Kwa hiyo mtu akipita mlangoni kwangu akasema "presha imeshuka", sijui nimpe pole au nitoe ndoo nje.

Twende kwa fundi pancha. Pale kuna kompresa inayokohoa na geji inayoning'inia kwenye msumari, kioo chake kimepasuka lakini mshale bado unafanya kazi. Kwake hakuna presha, kuna upepo. "Mzee, nikuwekee upepo ngapi?" Ukimwambia akuwekee presha ya kawaida anakutazama kama mgeni wa mkoa. Upepo ni "thelathini na mbili". Thelathini na mbili nini? Hasemi, na ukimuuliza anaona unamchelewesha. Ni pauni kwa kila inchi ya mraba, kipimo tulichoachiwa na Waingereza pamoja na kuendesha upande wa kushoto.

Sasa chukua hiyo 32 uipeleke kliniki. Kule wanapima kwa milimita za zebaki. Kwa kipimo chao, tairi la gari lenye upepo wa 32 lina presha ya milimita 1,650 na zaidi. Lingelazwa moja kwa moja chumba cha mahututi. Nami nilipoambiwa ya kwangu ya juu ni 150, nikatoka nimeinamisha kichwa, nikafanya hesabu ya kuigeuza iwe lugha ya fundi pancha. Haifiki hata 3. Fundi angenishika bega aseme: mzee, hapa kuna pancha, tena ya msumari mkubwa.

Zebaki yenyewe iliingiaje mwilini mwangu? Mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha mwaka 1733 habari za jinsi alivyomlaza farasi, akamfungua mshipa, akachomeka mrija wa kioo. Damu ikapanda ndani ya mrija zaidi ya futi 8. Farasi hakuulizwa maoni. Kwa kuwa hakuna mgonjwa ambaye angekubali kukaa kliniki na mrija mrefu kuliko mlango, wataalamu wakaja kutumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, na mrija ukapungua ukatosha mezani. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akaleta mkanda wa kufunga mkononi mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905 akaeleza sauti ambazo daktari anazisikiliza kwenye mshipa wakati mkanda unalegezwa. Leo mashine nyingi hazina hata tone la zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeitaka dunia iachane na vifaa vyake kwa sababu ni sumu. Zebaki inaondoka, milimita zake zimebaki kunitisha mimi.

Kutokana na hesabu hizo nimegundua jambo linaloniuma zaidi. Presha ya 150 ya zebaki ina uwezo wa kuinua maji mita 2. Yaani moyo wangu mimi, mtu niliyekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili, unaweza kupandisha maji mita mbili bila umeme. Bomba la uani kwangu haliwezi. Tangi langu nimeliweka juu ya mnara wa chuma wa mita tatu. Mchana maji yanapanda hadi usawa wa goti, yanafikiri, yanarudi.

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, kaskazini mwa mji. Yanasukumwa na pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu, kisha yanateremka kwetu kwa uzito wake yenyewe. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikakaa ikisubiri wahamiaji wake, halafu kuanzia 2016 serikali ikahamia kwa kishindo, na kila aliyekuja alikuja na kiu yake. Ninapomwita fundi bomba, anafungua koki, anafunga, anatikisa kichwa. "Mzee, presha hakuna." Namwambia lakini maji nayaona. "Maji yapo. Presha ndiyo hakuna." Ananiachia sentensi hiyo na bili ya ufundi.

Nikaamua kusoma mwenyewe. Nikakuta kwamba kila mita 10 za kimo cha maji zinaleta presha ya baa moja. Baa! Neno ambalo kwa Kiswahili lilikuwa tayari na ajira mbili, ya pombe na ya msiba, sasa limepewa ya tatu. Nilipomwambia mke wangu kwamba nyumba hii inahitaji angalau baa moja, hakuuliza ya aina gani. Alisema mtaani zipo za kutosha, na kwamba anashangaa nimezikosaje.

Saa nane usiku, watu wakiwa wamelala na koki zimefungwa, maji yanapanda kwenye tangi yenyewe bila kuombwa. Sababu ni kwamba maji yakikimbia kwenye bomba yanapoteza presha kwa msuguano, na kadiri wanaochota wanavyokuwa wengi ndivyo inavyopotea, wakitulia, inarudi. Kwa hiyo naamka usiku kwenda kusikiliza tangi. Na daktari ananiambia kwamba kukosa usingizi kunapandisha presha. Ile nyingine.

Basi nawasha redio nipumzike na taarifa ya hali ya hewa. Huko hakuna presha wala upepo wa fundi pancha. Kuna mgandamizo. "Mgandamizo mdogo wa hewa" upo baharini, "mgandamizo mkubwa" upo kusini, na mkulima wa uwele aliyeko Chamwino anatakiwa aelewe hapo kama apande au asubiri. Neno "mdogo" lisikudanganye. Mwanzoni mwa Mei 2024 mgandamizo mdogo wa hewa katika Bahari ya Hindi ulikomaa ukawa Kimbunga Hidaya, kikaelekea Mafia na pwani ya kusini, watu wakakaa macho usiku kucha. Udogo wa namna hiyo Mungu atuepushe nao.

Kipimo cha hapo ni hektopaskali. Usawa wa bahari kawaida ni 1,013. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, kwa hiyo hewa iliyotulalia vichwani ni pungufu: hektopaskali 885 hivi. Sasa sikia. Kimbunga chenye presha ndogo kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, kilichoitwa Tip, katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1979, kilifika 870. Ina maana sisi wa Majengo tunaishi mwaka mzima jirani kabisa na moyo wa kimbunga kikubwa kuliko vyote, na tunachopata ni vumbi. Watabiri wanalijua hilo, ndiyo maana kabla ya kuchora ramani zao hurekebisha vipimo vyote vya nyanda za juu vionekane kana kwamba vimechukuliwa ufukweni. Hata hewa yetu ikitaka kutajwa kwenye ramani inabidi ijifanye imetoka Dar.

Kama huamini, nunua pakiti ya krispi Dar es Salaam, panda nayo treni ya umeme iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Pakiti inapoondoka imelegea. Inapofika huku imevimba, iko tayari kupasuka, kwa sababu hewa ya ndani ni ya pwani na ya nje ni ya kwetu. Wajukuu wangu wanaamini krispi zimeongezeka njiani, na mimi sijaona sababu ya kuwaharibia furaha. Ukinywa maji Dodoma ukafunga chupa tupu, ukifika Dar utaikuta imebonyea bila kukaliwa na mtu.

Na hapo ndipo lilipotoka jina la kipimo. Mfaransa Blaise Pascal alitaka kuhakikisha kama hewa inapungua uzito kadiri mtu anavyopanda mlima. Hakupanda. Alikuwa Paris, afya yake ya mgogoro, akamwandikia barua mume wa dada yake, Florin Périer. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji huyo akaukwea mlima Puy de Dôme akiwa na mrija na zebaki, akapima chini, akapima juu, akakuta zebaki imeshuka kwa sentimita 8 hivi. Jasho la Périer, jina la Pascal. Mwaka 1971 mataifa yalipokubaliana jina la kipimo rasmi cha presha, yakakiita paskali, na hakuna aliyekumbuka kuita chochote périer. Wenye kutumwa na mashemeji mnaelewa. Basi la Dar hadi Dodoma lingebeba mrija ule zebaki ingeshuka karibu sentimita 10, na kondakta hajatajwa kwenye kitabu chochote.

Jikoni nako hakuna amani. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, maji ya Dodoma yanachemka yakifika nyuzijoto 96 hivi, si 100 kama ya pwani. Yanatoa mvuke, yanapiga kelele, lakini joto halipandi zaidi ya hapo hata uongeze mkaa gunia zima. Ndiyo maana maharage ya huku yana kiburi. Mgeni kutoka Tanga anayaweka jikoni kwa mahesabu ya kwao, saa ya kula inafika, yanalia kwenye meno kama kokoto.

Dawa yake ni presha kuka. Hiyo nayo aliibuni Mfaransa, Denis Papin, mwaka 1679: chungu kinachofungwa kikakaza, mvuke unabanwa ndani, maji yanazuiwa kuchemka mapema, joto linavuka 110, mfupa unalainika. Papin alikiwekea pia kidude cha kupumulia ili chungu kisilipuke kikaua wapishi. Katika zama hizi za mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, mke wangu naye amejipatia ya umeme, na tangu siku hiyo lugha ya nyumbani imeharibika. Utasikia "nani kazima presha yangu?" na "msiguse, presha haijashuka". Juzi shangazi yao alipiga simu kutoka Kondoa akimtaka mama mwenye nyumba. Mjukuu akapokea, akasema kwa adabu: "Shikamoo. Bibi yuko jikoni, anasubiri presha yake ishuke." Shangazi akaanza kutafuta nauli.

Nikikimbilia kibanda umiza, mchambuzi anasema timu inakaba kwa presha, kisha mabeki wamepoteza umakini kwa presha, kisha kibarua cha kocha kiko kwenye presha. Ikiwa ni mechi ya Simba na Yanga, kuna pia mtu wa nyuma yako ambaye presha yake ni ya kweli, ya zebaki, na hakumeza dawa asubuhi. Nikifungua gazeti, waziri amekubali jambo kwa "shinikizo". Na Bunge la bajeti linapoanza Aprili hadi mwisho wa Juni, wenye nyumba za wageni wanasema kuna presha ya vyumba, hapo bei nayo inapanda kilima.

Sasa hesabu majina. Kliniki ubaoni wameandika shinikizo la damu, ila mdomoni wanasema presha. Fundi pancha ana upepo. Watu wa maji wana msukumo. Watabiri wana mgandamizo. Wataalamu wa lugha, walipotafuta neno la fizikia, wakaunga kani na eneo wakapata kanieneo, neno zuri kabisa ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu aliyeshika spana. Kinachochekesha ni kwamba hilo lisilotamkwa ndilo linalosema ukweli wote. Presha ni kani iliyogawanywa kwa eneo inapokandamiza, basi. Ndiyo maana sindano inaingia mkononi na kijiko hakiingii, japo anayesukuma ni muuguzi yuleyule. Tairi, bomba, mshipa, chungu na anga vyote vinafuata kanuni hiyo moja. Tofauti ni fani na kiburi cha wenye fani.

Hata wahandisi wamo. Ukienda kwenye majengo mapya ya Mtumba utasikia zege limeundwa kubeba mkazo wa kiasi fulani, na ukitazama kipimo ni paskali zilezile, mamilioni yake. Kani juu ya eneo tena. Kwa hiyo nguzo ya ghorofa ina mkazo, mwenye ghorofa ana msongo wa mawazo, na mpangaji ana presha ya kodi, na fizikia inamtambua wa kwanza peke yake.

Halafu kuna uhuni wa sifuri. Geji ya fundi pancha ikisoma sifuri, hewa bado imo ndani ya tairi, sawasawa na iliyo nje. Geji haipimi presha yote, inapima iliyozidi ya hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo gari lililojazwa 32 Dar, likipanda hadi Dodoma bila kuongezwa hata pumzi moja na bila joto kubadilika, litasoma karibu 34, kwa vile hewa ya nje imepungua. Dereva ataapa kwamba fundi wa Dar alimwekea 32, wa Dodoma ataapa kwamba geji yake ni nzima, na wote wawili watakuwa wakweli. Mashine ya kliniki nayo inahesabu hivyohivyo, kuanzia hewa ya chumba. Mtabiri pekee ndiye anayeanzia sifuri ya kweli, ile isiyo na hewa kabisa, na ndiye tunayemdharau kuliko wote kwa kusema mvua itanyesha.

Najua mtasema mzee huyu hana kazi, anagombana na maneno. Ningekubali kama mchanganyiko huu ungeishia kwenye krispi na maharage. Hauishii hapo. Kwa kuwa presha mtaani ni haraka, hasira na mawazo, watu wanaamini presha ya damu nayo ni haraka, hasira na mawazo. Utamsikia mtu mzima anasema: "Mimi siwezi kuwa na presha, sina stresi, nacheka na kila mtu." Mishipa haijui kama unacheka. Mwingine anajipima kwa kichwa: kikiuma ipo, kisipouma haipo. Shinikizo la juu la damu mara nyingi haliumi popote kwa miaka, linafanya kazi yake kimyakimya kwenye moyo, figo, macho na ubongo, na siku linapojitambulisha linakuja na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wa umri kati ya miaka 30 na 79, wanalo, na karibu nusu yao hawajui.

Wapo wanaojua nao wana yao. Anameza dawa, anapimwa, anaambiwa imeshuka, anarudi nyumbani anagawa vidonge vilivyobaki kwa jirani. Ukimuuliza anasema presha imeshuka, dawa za nini tena? Imeshuka kwa sababu ya dawa, ndugu yangu. Hili si maharage, kwamba presha ikishuka unafungua mfuniko unapakua. Na huyo jirani anayegawiwa, huenda tatizo lake ni lile tunaloliita "presha ya kushuka", ambalo mara nyingi ni mwili uliopungukiwa maji, au uliopoteza damu, au uliozidishiwa dawa. Anapewa cha kuishusha zaidi. Wameagana kwa wema kabisa, wakitumia neno moja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Fundi pancha aendelee na upepo wake, hajamdhuru mtu. Fundi bomba namsamehe, japo si bili yake. Watabiri wabaki na mgandamizo na wachambuzi wa mpira waachwe, hawasikii. Lakini neno likiingia chumba cha kupimia, likome kuwa tabia ya mtu liwe namba. Muuguzi usimwambie babu "una presha" ukaishia hapo. Mwambie: ya juu ni ngapi, ya chini ni ngapi, na inatakiwa iwe ngapi.

Nawe unayesoma, usitoke pale bila namba zako mbili. Ziandike kwenye simu pamoja na tarehe. Zikiwa jirani na 120 kwa 80, nenda kwa amani. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine ukiwa umepumzika, maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa. Zikirudia hapohapo, msikilize daktari, punguza chumvi, na dawa ukipewa usiiache kwa kujisikia vizuri. Kupima ni suala la dakika chache, mashine zipo hadi kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Nendeni mkapimwe.